Ioni ya 149 iliyoficha kemikali za mwani: jinsi nilivyoiondoa

Nilikuwa natafuta kemikali asilia za Laurencia, mwani mwekundu wa miambani, kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektromita ya tungamo, yaani mashine inayotenganisha kemikali kisha kupima uzito wa vipande vyake vyenye chaji (ioni). Kila sampuli ilinipa kilele kikubwa (mchomozo kwenye grafu unaoonyesha kemikali) chenye ioni ya uzito wa 149. Hiyo ni alama ya ftaleti, vilainishi vya plastiki. Mwani gani huo unaotengeneza plastiki?

Nikapitisha kiyeyusho kitupu, bila mwani. Kilele kikajitokeza vilevile. Basi chanzo ni vyombo. Nikaacha mirija na vifuniko vya plastiki, nikatumia chupa za kioo zilizosuuzwa kwa asetoni, na kilele kikanywea.

Hapo ndipo vilele vidogo vilipoonekana, na utamu ulikuwa huko. Kimoja kilikuwa na ioni pacha, zimepishana kwa vizio 2, urefu karibu sawa: bromini, maana isotopu zake (atomi zake za uzito tofauti) 79 na 81 hugawana karibu nusu kwa nusu. Klorini ingetoa 3 kwa 1. Laurencia inajulikana kwa kemikali zenye bromini, kwa hiyo sikushangaa. Maktaba ya kompyuta ya kulinganishia vipimo haikuwa na jina la kuaminika. Muundo kamili tukaupata kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha jinsi atomi zilivyoungana.