Siku moja maishani mwangu: hapa ni hapa pa nani?

Saa 11:40 alfajiri

Bando la usiku linaisha saa 12 kamili, ndiyo maana niko macho. Adhana imeshapita, shangazi anakuna nazi uani, nami niko kitandani na kompyuta ya watu mapajani, nashusha vifurushi vya programu.

Kompyuta ni ya mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga. Duka liko mbele, ghala liko nyuma, katikati kuna korido ndefu na mashine ya kukatia vyuma. Mteja akiulizia nondo, kijana wa kaunta anapiga ukelele, kijana wa ghala hasikii. Walijaribu simu, lakini mara bando limekwisha, mara simu ikishatolewa mfukoni nondo zinasahaulika, wanatazama magoli. Mzee anataka kitu chake: waandikiane humo humo dukani, bila bando, na kompyuta ya duka ndiyo iwe seva, yaani inayopokea na kugawa ujumbe. Leo saa 10 jioni nakabidhi.

Programu yenyewe niliiandika mwaka jana. Upande wa seva ni Node.js na Express, ujumbe unahifadhiwa kwenye hifadhidata ya MongoDB, sura anayoiona mtumiaji ni React juu ya Vite, na kinachopeleka ujumbe papo hapo ni Socket.IO. Kazi iliyobaki, kwa maneno, ni kuishusha kwa Git, chombo cha kutunza msimbo, na kuiwasha. Kwa maneno.

Msimbo wangu mwenyewe umeshuka kabla sijapiga mwayo. Mzigo ni `node_modules`, vifurushi vya watu wengine ambavyo programu yangu inavitegemea, na kuna folda mbili, ya seva na ya sura, kila moja na mzigo wake. Natumia `npm ci` badala ya `npm install` kwa sababu hiyo inafuata toleo kwa toleo yale yaliyoandikwa kwenye `package-lock.json`. Sitaki leo niletewe kifurushi kipya kilichotoka jana usiku na tabia zake. Saa 11:56 ya pili inamaliza. Dakika nne zimebaki, nashusha na kisakinishi cha MongoDB kwa kuomba Mungu.

Hakikumalizika. Nimenunua bando la mchana.

Saa 2 asubuhi

Chai, vitumbua, kazi.

Faili la `.env` halikuja na Git, na halikupaswa kuja: ndimo zinamokaa siri, kwa hiyo niliorodhesha jina lake kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git inayaacha. Tatizo ni kwamba mimi wa mwaka jana sikuandika popote ndani yake mlikuwa na nini. Nimelazimika kusoma msimbo mstari kwa mstari kutafuta kila `process.env`, yaani kila mahali programu inapochukua kitu kutoka humo. Ni vitu vitatu: anwani ya MongoDB, namba ya mlango wa seva, na neno la siri la kusaini tokeni, yaani vitambulisho vya watumiaji walioingia. Safari hii natengeneza `.env.example` yenye majina matupu bila thamani. Ningefanya hivyo mwanzoni ningekuwa bado nakula vitumbua.

Neno "mlango" nimelichagua. Kila programu inayopokea wageni kwenye kompyuta ina namba yake: seva yangu 3000, Vite 5173, MongoDB 27017. Kiingereza chake ni kile kile cha bandari, lakini ukimwambia mtu wa Tanga kwamba bandari yako haifunguki atakuuliza meli gani.

Saa 3 asubuhi

Nawasha seva. Dirisha jeusi linanijibu:

`connect ECONNREFUSED ::1:27017`

MongoDB imewaka, naiona kwenye orodha ya huduma za Windows. Kwenye `.env` nimeandika `localhost:27017`, yaani "hapa hapa kwenye kompyuta hii". Sasa imekataliwa na nani?

Siri iko kwenye hizo nukta mbili-mbili na moja. Neno `localhost` lina anwani mbili: ya zamani, 127.0.0.1, na ya mtindo mpya, `::1`. Zote maana yake ni hapa. Zamani Node ilikuwa inaitanguliza ile ya zamani bila kuulizwa. Kuanzia toleo la 17 iliacha, inafuata mpangilio inaopewa na mfumo wa kompyuta, na kompyuta hii imetanguliza mpya. MongoDB nayo, ukiisakinisha bila kugusa mipangilio, inasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Nyumba ni moja, mwenyeji kakaa uani, mgeni anabisha hodi barazani.

Nikafuta `localhost`, nikaandika `127.0.0.1`. Kosa lile lile. Robo saa nzima nimeilaumu Windows, kumbe `nodemon` huwasha seva upya nikibadilisha msimbo, lakini `.env` haiiangalii. Nimezima, nimewasha kwa mkono. Imeunganishwa.

Saa 4:30 asubuhi

Madirisha mawili ya kivinjari, watumiaji wawili wa uongo, Kaunta na Ghala. Kaunta anaandika "mambo", kwa Ghala inaingia saa hiyo hiyo. Hii sehemu sijaizoea hata leo. Ukurasa wa kawaida wa mtandao unauliza, unajibiwa, basi. Websoketi, njia anayoitumia Socket.IO, inaanza kama ombi la kawaida, halafu inaomba ibadilishiwe njia. Seva ikijibu 101, namba ya kukubali, njia inabaki wazi na kila upande unasema unapotaka. Utaratibu huo ulipitishwa rasmi mwaka 2011. Huwa nafungua zana za kivinjari ili tu niione ile 101.

Kisha Ghala anapokea "mambo" mara mbili.

Hili nalijua. React, wakati wa kutengeneza, ukiwa umewasha hali yake kali (Strict Mode), inafunga na kufungua kila kipande cha ukurasa mara ya ziada makusudi ili kufichua uzembe. Uzembe wangu ni huu: nilisajili msikilizaji wa ujumbe, sikumwondoa kipande kilipofungwa. Sasa wako wawili na kila mmoja anaandika alichosikia. Kuna watu watakushauri uzime hali kali. Ukizima, mara mbili zinapotea leo, halafu kijana wa kaunta akitoka ukurasa huu na kurudi mara tano anapata ujumbe mara sita. Nimeongeza mstari mmoja wa `socket.off`, wa kumwondoa msikilizaji.

Saa 6 mchana

Sasa simu, maana kijana wa ghala hatatembea na kompyuta begani. Nimewasha hotspoti ya simu yangu, data nimeizima, kompyuta imejiunga. Kwenye simu naandika anwani ya kompyuta, 192.168.43.120, mlango 5173. Kimya. Vite nayo kwa kawaida inasikiliza hapa tu. Lazima uiwashe na `--host` ndipo wa nje waingie. Nimeiwasha. Ukurasa umekuja, mzuri, na rangi zake. Najaza jina na neno la siri, nabonyeza. Imeshindikana.

Nilitoka nje nikakaa na shangazi anayepepeta mchele. Akaniuliza nini, nikamwambia simu haiioni seva. "Si umesema ukurasa umefunguka?" Umefunguka. "Sasa umefungukia wapi?"

Kwenye simu, shangazi. Umefungukia kwenye simu.

Ndiyo hiyo. Ukurasa unatoka kwenye kompyuta, lakini ukishafika unaishi ndani ya simu. Na ndani yake niliandika "nenda `localhost` mlango 3000", yaani hapa. Simu ikatazama ndani yake yenyewe, ikakuta hakuna seva. Kila kifaa kina hapa pake.

Nikaweka namba ya kompyuta badala ya lile neno. Safari hii kivinjari ndicho kikakataa: ukurasa umetoka mlango 5173 na unaomba vitu mlango 3000, na kwa kivinjari milango miwili ni asili mbili hata kama nyumba ni moja. Seva lazima iseme wazi kwamba inamruhusu huyo wa 5173 kutoka anwani ile. Ningeweza kuongeza ruhusa nikaendelea. Lakini niliwaza dukani namba itakuwa nyingine, nitarudi kuihariri, na siku wakibadilisha ruta nitapigiwa simu nikiwa harusini.

Kwa hiyo nimeachana na Vite kwenye matumizi. `npm run build` inatoa folda ya `dist` yenye ukurasa uliokamilika, Express inaigawa yenyewe kupitia 3000, mlango mmoja kwa kila kitu. Na pale penye anwani nimeandika `io()`, mabano matupu. Maana yake: rudi ulikotoka. Ukurasa hauna tena haja ya kujua hapa ni wapi.

Saa 7 hadi 9

Wali, samaki, usingizi kidogo.

Saa 10 jioni

Baiskeli, kompyuta mgongoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, imekubali?"

Haikukubali. Simu ya kijana haioni kitu. Windows inapokutana na mtandao mgeni inauhesabu kuwa wa hadharani na inafunga milango; mtandao wa nyumbani nilishauruhusu, wa ruta ya duka haiujui. Nimeutangaza kuwa mtandao binafsi, ikafunguka.

Mzee akachagua neno lake la siri kwa sauti, mbele ya wateja watatu: coastal1988. Ni mwaka ambao Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi, na hakuna mtu Tanga asiyeweza kulikisia. Nimemweleza kwamba kwenye hifadhidata linasagwa, hata mimi siwezi kulisoma. "Vizuri," akasema, "maana mimi nalikumbuka." Tukalibadilisha baadaye, pembeni.

Saa 10:40 umeme ukakatika dakika tano. Kompyuta ina betri, ruta haina. Uliporudi, simu ya kijana ilikuwa imewahi kuchukua namba ya kompyuta, na ukurasa ukapotea kwa wote. Nimeingia kwenye ruta nikaifungia kompyuta namba yake, na namba hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ukutani.

Kisha kijana akaenda nyuma kabisa ya rundo la mabati, mawimbi yakakatika, na nukta yake ya kijani ikaendelea kuwaka. Mzee akaona. "Huyu yupo au hayupo?" Socket.IO inampigia kila mtu hodi kila sekunde 25, kisha inasubiri 20 ajibu. Kwa hiyo aliyepotea ghafla anaweza kuonekana yupo kwa sekunde 45. Ningeweza kupunguza. Mzee akasema acha, hata akiwepo huwa anachukua zaidi ya hapo kujibu.

Mteja akaingia. Kaunta akaandika: "Nondo 12 mm zipo ngapi". Tukasubiri wote.

"Thelathini na moja!" ilipigwa kelele kutoka ghalani.

Saa 12 jioni

Mzee amenilipa nusu, nusu nyingine wiki ijayo. Akanisindikiza hadi kwenye baiskeli. "Na mimi nikiwa Muheza, nitaona wanachoandikiana?"

"Hapana mzee. Ni humu dukani tu. Ukitaka hadi Muheza ni kazi nyingine, na bei nyingine."

Akafikiri. "Na wao hawataweza kuniandikia mimi huko?"

"Hawataweza."

"Basi iache hivyo hivyo."