Kwa Nini Hakumwuliza Mkewe? Maoni ya watazamaji wa Kirumba juu ya filamu ya mwaka 1948

Filamu ya Unfaithfully Yours, iliyoandikwa na kuongozwa na Preston Sturges mwaka 1948, inamhusu mume anayeambiwa kwamba mkewe si mwaminifu, na ambaye badala ya kumwuliza anakaa akimwua kichwani mwake. Ni filamu ya mapenzi na ya kuchekesha, lakini kicheko chake kina giza ndani yake. Niliwaonyesha ndugu na majirani nyumbani kwetu Kirumba, hapa Mwanza, Jumapili moja alasiri, nikiwatafsiria maneno kadiri yalivyotoka, na mjadala uliofuata ukawa mrefu kuliko filamu yenyewe. Ninauandika kwa sababu waliyoyasema yamenifanya niitazame upya kazi ambayo nimeipenda kwa miaka mingi.

Kwa wasioifahamu, Sir Alfred de Carter, anayeigizwa na Rex Harrison, ni Mwingereza tajiri na kiongozi maarufu wa okestra, na mkewe ni Daphne, anayeigizwa na Linda Darnell. Kabla ya kusafiri, Alfred alimwomba mume wa dada yake Daphne amwangalizie mkewe. Bwana huyo akadhani anaagizwa kumchunguza, akamkodi mpelelezi. Aliporudi, Alfred aliikataa taarifa ya mpelelezi kwa hasira, akaichana, akaichoma moto, lakini kila alipodhani ameimaliza ilimrudia, hata mwishowe akamfuata mpelelezi mwenyewe na kuambiwa kwamba usiku mmoja Daphne aliingia chumbani kwa Tony, katibu kijana wa Alfred, akakaa humo zaidi ya nusu saa. Jioni hiyohiyo Alfred anapanda jukwaani. Akiongoza muziki wa Rossini, anajiona akimwua Daphne kwa wembe na kumtwisha Tony kesi hiyo. Wa Wagner unapoanza, anajiona akimsamehe mkewe na kumwandikia hundi nono aende zake na kijana wake. Unapofika wa Tchaikovsky, anajiona akimwita Tony wacheze mchezo wa kifo kwa bastola yenye risasi moja, na anayekufa ni yeye mwenyewe. Onyesho likiisha, anakimbilia nyumbani kuyatekeleza aliyoyawaza, na hapo kila anachokigusa kinamshinda.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Mumewe ni mvuvi wa visiwani upande wa Ukerewe, na kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, yeye humtarajia nyumbani siku za mbalamwezi, wakati kazi inapopungua. Mbalamwezi ikipita bila mume kuonekana, alituambia, hakosekani mtu wa kumjia na habari za mwanamke wa kambini. Kwa hiyo hakumshangaa Alfred kuwa na wivu, bali alimkasirikia aliyeleta taarifa. "Baba, huyo shemeji yao ndiye mwovu wa picha hii," aliniambia. "Mimi ningewasikiliza wote wanaonijia, dagaa wangu wangenyeshewa mvua pale ninapowaanika juani." Nilimkumbusha kwamba bwana yule hakukusudia ubaya. Alijibu kwamba wanaomletea yeye habari nao husema wanamtakia mema.

Maoni hayo yalinifungua macho. Nilikuwa nimezoea kuiona ile taarifa inayochanwa na kurudi kuwa mzaha tu wa mwongozaji hodari, lakini kwa mwanamke huyu ilikuwa maelezo sahihi ya namna uvumi unavyofanya kazi: mtu anaweza kukataa kuusikia kwa heshima kabisa, na bado ukawa umekwisha kuingia. Alfred anaanza filamu akiwa mume wa kupigiwa mfano, asiyetaka hata kuona karatasi yenye kumchafua mkewe, na kinachomwangusha ni kule kutaka kuhakikisha kwamba imeangamia.

Mama yangu mdogo hakucheka tangu wembe ulipoonekana. Yeye ni mtu wa kupenda vichekesho, kwa hiyo ukimya wake niliusikia. Baadaye alisema waziwazi kwamba haoni sababu ya kumchekesha mtu kwa mauaji ya mke, wakati redio zetu hazipitishi muda mrefu bila kutangaza habari ya mwanamke aliyeuawa kwa kile kinachoitwa wivu wa mapenzi. Nilimweleza jinsi ninavyoielewa filamu. Sturges anatuonyesha kwanza mauaji kama muuaji anavyojipendezea kuyawaza, safi na yenye mpango kamili, na kinasa sauti anachotumia kumtwisha Tony kesi kikitii kila amri. Kisha anatuonyesha mtu yuleyule chumbani, akivunja kiti, akiangusha vitu, akishindwa na kinasa sauti kilekile kinachodaiwa kuwa rahisi kutumia, ili kicheko chote kimwangukie yeye na majivuno yake. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini hao wa kwenye redio hawakushindwa." Sina jibu la kumpa. Ninaamini bado kwamba filamu iko upande wa Daphne, lakini ninakubali kwamba haimlazimu aliyewahi kuzika ndugu kwa sababu hiyo aione hivyo.

Binamu yangu anayesoma chuo Nyegezi alicheka sana katika ile sehemu ya kuvunja vitu, ambayo wazee waliiona ndefu kupita kiasi. Mimi pia ninaiona ndefu. Aliongeza kwamba Alfred wa leo asingehitaji mpelelezi, kwani simu ya mkewe ingemtosha, na vijana kadhaa wakaanza kusimuliana habari za kupekua simu hadi nikalazimika kuwarudisha kwenye filamu.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ule msamaha. Wengi, wanaume kwa wanawake, waliona kwamba katika njia zile tatu hiyo ya pili ndiyo ya kiungwana: mzee amekubali kwamba mkewe ni kijana, amempa fedha, amemwacha aende kwa amani. Mzee mmoja aliyewahi kukaa kwenye baraza la kata alipinga, na ninamshukuru, kwa kuwa alisema jambo nililokuwa nikilihisi bila kulipata. Alieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mashauri ya talaka, isipokuwa machache, kufika mahakamani kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi, na kwamba katika baraza kazi ya kwanza ni kumsikiliza kila mmoja. "Huyu bwana amesamehe kosa ambalo hajamsomea mshtakiwa," alisema. "Kwake yeye mke amekwisha kupatikana na hatia, tofauti ni adhabu tu."

Ninakubaliana naye kabisa, na ningependa kwenda mbele kidogo. Katika ndoto ya msamaha Alfred anavutiwa na ukarimu wake mwenyewe, na Daphne anayemwona mbele yake ni mwanamke aliyemtunga yeye ili apate wa kumsamehe. Hali ni hiyohiyo katika ndoto ya wembe na ya bastola. Daphne halisi, mwenye sauti na sababu zake, hayumo katika yoyote kati ya hizo. Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi: usiku ule alikwenda chumbani kwa Tony kumtafuta dada yake, akakikuta chumba kitupu, na alipotaka kutoka akaona kuna mtu anachungulia, akaogopa. Swali moja lililoulizwa kwa upole lingeleta maelezo hayo kabla ya onyesho kuanza. Ndiyo maana kila ndoto ilipoanza, kuna mtu sebuleni kwetu aliyeuliza kwa sauti kwa nini hamwulizi mkewe, na mara ya tatu waliuliza karibu wote pamoja.

Filamu hii haikupata watazamaji wengi ilipotoka. Carole Landis, mwigizaji aliyekuwa na uhusiano na Rex Harrison, alijiua Julai 1948, na kampuni ikachelewesha kuitoa hadi baadaye mwaka huohuo; haikuwa rahisi kwa watu kumcheka Harrison akipanga kifo cha mwanamke. Iliigizwa upya mwaka 1984, Dudley Moore akiwa mume.

Mwisho wake haukuwaridhisha watu wangu, na katika hilo nimesimama nao. Alfred anaomba msamaha, anambusu mkewe, wanapanga kutoka usiku huo wakafurahi, lakini hamwambii yale yote aliyomtendea akilini. Muuza dagaa alisema ni afadhali, kwa kuwa mke akijua hatalala tena kitanda kimoja na mtu huyo. Mama mdogo alisema ndiyo sababu hasa ya kumwambia, ili aamue mwenyewe kama atalala. Mimi niko na mama mdogo. Sturges aliyetupitisha bila woga katika wembe, hundi na bastola angeweza kumpa Daphne dakika chache za kusikia, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa filamu, kuliko urefu wa ile sehemu ya viti kuvunjika.