Jinsi nilivyopunguza vitu chumbani hadi nikapumua

Chumba changu Magomeni, Dar es Salaam, ni cha futi 10 kwa 10, na kwa miaka mingi nikifungua mlango jioni nilichoka upya. Ndoo 6, seti 3 za vyombo vya wageni, nguo za mitumba nilizonunua soko la Karume kwa sababu tu ni bei chee. Kila asubuhi nilitafuta ufunguo.

Nilinunua kabati kubwa, likajaa. Nikapanga viroba chini ya kitanda, vikaleta panya. Nikaamua kugawa, lakini kiroba kilikaa mlangoni wiki 3, kisha nikakifungua na kurudisha vitu vyote.

Jumamosi moja nilitandika mkeka uani, nikatoa kila kitu. Nikarudisha ndani nilichotumia mwezi huo. Kilichobaki nilikibandikia karatasi yenye jina la mtu, na hilo ndilo lililoniokoa. Neno "kugawa" halina anayesubiri. Sufuria kubwa ilipoandikwa jina la jirani anayechemsha mihogo, sikuweza tena kuiona yangu. Kabla ya magharibi nilikuwa nimepeleka vyote mwenyewe.

Kanga za marehemu mama zilinishinda kwa muda. Mwisho nilibakiza doti 5, zile ambazo maneno yake nayajua bila kuzikunjua. Nyingine walichukua mashangazi, na nikikutana nao nazo huwa nafurahi kweli.

Sasa mwanangu ana pa kutandika mkeka wake akisoma, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari.