"Hata Hannawald alilazwa"

Huu ni mwaka wangu wa sita kutunza wazee huku Bavaria, Ujerumani. Kila tarehe 1 Januari, ikikaribia saa nane mchana, viti vya magurudumu vyote vinageuzwa kuelekea runinga: ni mashindano ya kuruka kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, kule Garmisch-Partenkirchen. Mwaka wa kwanza nilitazama nisielewe kitu. Basi bibi mmoja, ambaye mikono yake hutetemeka hata chai humwagika, akachukua visu viwili vya siagi akavipanga mezani mfano wa herufi V. "Hivi ndivyo skii zinavyokaa hewani," akaniambia. Mtu anashuka mteremko wa barafu kwa mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, anajirusha, analalia upepo. Akitua, mguu mmoja sharti utangulie mwenzake, la sivyo majaji wanamkata alama.

Kisha akamtaja Sven Hannawald, mrukaji wa skii wa Ujerumani, na meza nzima ikachangamka.

Mashindano hayo yana vituo vinne: Oberstdorf na Garmisch hapa Ujerumani, Innsbruck na Bischofshofen kule Austria. Yalianza 1953, na kwa karibu miaka 50 hakuna aliyewahi kushinda vyote vinne katika msimu mmoja. Hannawald alivishinda vyote, akamalizia Bischofshofen tarehe 6 Januari 2002. Kamil Stoch wa Polandi na Ryoyu Kobayashi wa Japani walikuja kufanya hivyo baadaye sana. Februari hiyo hiyo ya 2002, kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, Hannawald na timu yake ya Ujerumani walitwaa dhahabu kwa kuwazidi Wafini alama 0.1 tu! Wasichana walikuwa wakimpigia mayowe viwanjani kama mwanamuziki, na mwisho wa mwaka akachaguliwa mwanamichezo bora wa Ujerumani.

Lakini wazee wangu hawampendi kwa medali peke yake. Mwaka 2004 alilazwa hospitali. Hakuvunjika mfupa, ni mwili na akili vilivyokuwa vimechoka hadi vikagoma. Mwaka 2005 akastaafu, akiwa na miaka 30 tu. Na hakuficha. Alijitokeza akasema wazi kilichompata, wakati wanaume wengi wa michezo walikuwa wakikaa kimya.

Mimi maneno hayo yalinikuta pabaya. Nilikuwa nafanya zamu mbili mbili, hela yote naituma Tanga, usiku sipati usingizi, nikiingia bafuni nalia. Nyumbani nikipiga simu naambiwa vumilia, wenzio wanaitafuta hiyo nafasi. Bibi aliniona macho. Akanishika mkono kwa ile mikono yake inayotetemeka: "Nenda kwa daktari, mwanangu. Hata Hannawald alilazwa."

Nilikwenda. Nikapewa mapumziko ya wiki sita na mtu wa kuzungumza naye.

Nilipomweleza mama kwenye simu, nikamsimulia na habari ya huyo mrukaji, alinyamaza kitambo.

"Na huyo kijana, alipona?"

"Alipona, mama. Siku hizi yuko runingani, anachambua wenzake wanavyoruka."

"Basi nawe usirudi kazini mapema," akasema. "Hela ya mwezi huu tutaona wenyewe."