Vikeki 48 vya Idi

Alhamdulillah, vimetoka! Jana usiku sikulala. Jirani yangu hapa Tanga aliniagiza vikeki 48 vya Idi kwa ajili ya watoto na wageni wake, nami nikataka vinukie nyumbani: iliki niliyoitwanga palepale na maganda ya limau yaliyokunwa. Kila kikaratasi nilikijaza rojo thuluthi mbili tu, oveni nyuzi 180, dakika 18.

Kazi ilikuwa kwenye krimu ya siagi. Joto la huku pwani, jamani! Trei ya kwanza niliipamba vikeki vikiwa bado na uvuguvugu, na ile miezi midogo ya kijani niliyoichora kwa krimu pamoja na nyota zake ikateleza polepole hadi pembeni. Nilitaka kulia. Nikakwangua yote, nikaiweka krimu kwenye friji, nikasubiri vikeki vipoe kabisa, nikaanza upya saa nane usiku.

Asubuhi binti mdogo wa jirani alipofunua boksi hakusema kitu. Alinyoosha kidole, akagusa nyota moja taratibu, kisha akamwangalia mama yake kuomba ruhusa. Uchovu wote uliniisha. Idi Mubarak, wapendwa!