Matundu ya Upanga

Tulipohamia Upanga, Dar es Salaam, mume wangu alikuwa na orodha yake mkononi: madirisha ya alumini, dari la jipsamu, vigae vyeupe chini. Tulikuwa tumenunua sehemu ya chini ya nyumba ya ghorofa ya miaka ya 1950. Fundi wa kwanza aliizunguka mara moja tu akasema, "Mama, hapa ni kung'oa vyote."

Hela ilikuwa imeishia kwenye hati, na hiyo ndiyo salama yetu.

Ilikuwa Februari. Wiki mbili tulilala kama maandazi kwenye karai, feni inazungusha joto lile lile. Mzee wa juu, aliyeingia pale enzi za Msajili wa Majumba, shirika la serikali lililosimamia nyumba zilizotaifishwa, ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, yale matundu bado hamjayazibua?" Ukuta wa sebuleni unaotazama upepo wa kaskazi ulijengwa kwa matofali ya matundu, na wapangaji waliotutangulia waliyajaza saruji wakiogopa mbu. Serikali ilipotaifisha majumba ya zaidi ya shilingi 100,000 mwaka 1971, alisema, waliopanga humo waliziba na kupaka kila mtu alivyojua, ila hakuna aliyebomoa. Nyumba haikuwa yao.

Tukazibua kwa patasi ndogo, tundu moja moja, Jumamosi nne. Ukigonga kwa hasira tofali linapasuka. Mawili yamepasuka na nyufa zake nimeziacha. Kwa ndani tukapigilia wavu wa mbu kwenye fremu za mbao. Usiku ule pazia lilitoka dirishani lenyewe, na saa nane mume wangu akaamka kutafuta shuka.

Sakafu niliigundua kwa kisu cha jikoni, nikikwangua rangi nyekundu kwenye kona ya stoo: chini yake terazo ya kijani yenye vipunje vyeupe. Mashine iliisugua kwa maji siku tatu, tope la kijivu likatiririka mpaka uani. Habari ya vigae ikaisha hapo.

Ya kale si yote dhahabu lakini. Mabomba ya chuma yalitoa maji ya rangi ya chai, na nyaya za umeme zilikuwa za kutisha. Hivyo vyote tumebadilisha bila huruma.

Luva za chumba cha watoto bado zinakwama, na kioo kimoja hakipo kabisa. Mwanangu wa mwisho hataki kusikia habari ya kuweka kingine. Paka wa mzee huingilia hapo kila jioni.