Nyota kwenye kaye

Kwa miaka minne hapa Cimpunda, mtaa wa Bukavu huku Kongo, hakuna aliyeniita kwa jina langu. Ni Papa Sekretari tu, hata watoto wa shule ninayofundisha wamelishika. Kikundi chetu ni AVEC, yaani cha kuweka na kukopa, memba 25, karibu wote mama wanaouza soko la Kadutu. Tunakutana Jumamosi saa tisa, na anayeupanda ule mteremko wa matope kwa kuchelewa analipa amande, yaani faini.

Asiyejua AVEC nimweleze upesi: kila kikao memba ananunua hisa, moja hadi tano, pesa zinakaa sandukuni, anayetaka anakopa na kurudisha na faida, mwisho wa mwaka wa kikundi tunagawana. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa Maradi. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo hesabu walizikariri pamoja. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana hata mmoja. Aliyebuni hilo aliwajua wanadamu.

Kaye, lakini, lile daftari la hesabu, ilikuwa yangu peke yangu. Kuandika hisa, madeni, amande. Kutuma ujumbe wa simu Ijumaa jioni. Kumfuata aliyekopa akapotea. Kumjibu anayegonga mlango saa mbili usiku kuuliza deni lake limebaki ngapi. Nililalamika sana, mke wangu ni shahidi. Na bado, siku binti anayeuza yunite za simu alipoomba kunisaidia, nilimpa ukurasa mmoja, kisha nikamsahihisha mbele ya watu kwa sababu ya saba aliyoiandika bila kamstari katikati. Hakuomba tena. Hiyo saba bado inanitia aibu.

Mwezi wa kumi na moja tifoidi ikanilaza wiki tatu. Jumamosi ya kwanza walifungua sanduku, wakahesabu, pesa kamili. Kaye ndiyo iliyowashinda. Kesho yake mama wa sambaza, anayeuza vile visamaki vya ziwani, akaja, kaye iko ndani ya mfuko mweusi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Papa Sekretari, pole. Hii nyota ni ya nini?"

Nikatazama. Nyota moja kando ya jina la mama msusi, nyingine kwa fundi viatu. Niliziweka kwa mkono wangu mwenyewe, na sikukumbuka maana yake. Nikasingizia homa.

"Sanduku tumelitia kufuli tatu," akasema, "kaye tukaiachia kichwa kimoja. Tena chenye homa."

Siku mbili baadaye nikakumbuka: nyota ni memba aliyemtuma mtoto na pesa, kwa hiyo asilipishwe amande ya kutokuja. Mama msusi alikuwa amekwisha lipishwa.

Nilipopona tukagawana kazi. Madeni yakaenda kwa mama wa sambaza, aliyezoea kukopesha wateja na hasahau franka. Amande na pesa za msiba kwa fundi viatu. Ujumbe na kuwafuata watoro nilitaka ziende kwa binti wa yunite, na nilimwendea mwenyewe pale kwenye kimeza chake, chini ya mwavuli. Alihudumia wateja wawili kwanza ndipo akanijibu. Alikubali.

Wanaosema kazi ikigawanywa inapungua, sijui waligawana na nani. Miezi miwili ya kwanza nilifanya kazi mara mbili: yangu, na ya kukaa pembeni namwonyesha mtu jambo ambalo ningelimaliza kwa dakika tatu. Tulivurugana pia. Kikao kilisogezwa mapema kwa ajili ya mazishi; mama wa sambaza alidhani binti atamwarifu mama msusi, binti alidhani mama wa sambaza amekwisha mwambia. Mama msusi akapanda mteremko, akakuta viti vinaondolewa, akatutukana kwa Mashi, na hata sisi tusiojua Mashi tulielewa. Tangu siku hiyo, kabla sanduku halijafungwa, kila mmoja anasimama na kutaja alichobeba mpaka Jumamosi ijayo. Fundi viatu huifanya hotuba.

Mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa, tukagawana pesa. Sandukuni mlikuwa na franka 3,772,000, hisa zote 1,640. Kugawanya ilikuwa zamu ya mama wa sambaza. Mimi nilikwisha piga hesabu kwa siri, simu chini ya meza. Akabonyeza kalkuleta taratibu, akafuta, akarudia.

"Mbili elfu na mia tatu kwa kila hisa," akasema. Tuliinunua kwa 2,000. Nikairudisha simu mfukoni.

Mama msusi hakuja. Alimtuma kijana wake na karne, kile kijitabu chake cha hisa. Mama wa sambaza akasema pesa nyingi hivyo hazitolewi kwa mtoto, mwenyewe aje. Binti wa yunite akavuta kaye, akatafuta jina, akaweka nyota. Hakuniangalia.